Mtunzi ni Nani? Jack Kirby na Tatizo la Fani na Maudhui

Makala haya yanamzungumzia mtu ambaye jina lake halimo katika orodha ya vitabu vya kozi zetu, na najua wapo watakaouliza ameingiaje katika jarida la uhakiki wa fasihi. Mtu huyo ni Jack Kirby, Mmarekani, mchoraji wa hadithi za katuni, aliyezaliwa New York tarehe 28 Agosti 1917 na kufariki California tarehe 6 Februari 1994. Jina pengine hulijui, ndugu msomaji, lakini kazi zake unazijua. Captain America, Hulk, Thor, X-Men, Black Panther: hawa wote tunaowaona kwenye filamu na kwenye fulana za mitumba walipita mikononi mwake mwanzoni kabisa mwa maisha yao, na wengi walipita wakiwa bado hawajapewa hata neno moja la kusema.

Hilo la mwisho ndilo linalonihusu hapa. Darasani tunafundishwa kwamba fani na maudhui ni pande mbili za sarafu moja. Tunaitikia, tunaandika madaftarini, halafu ikija kazi ya kukabidhi tunafanya vilevile tulivyofanya kidato cha sita: maudhui kwanza, kurasa nane za dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa; fani baadaye, kurasa mbili za harakaharaka, tashibiha tatu na methali moja. Kama kitabu kina picha, picha hazitajwi kabisa. Kwa vitendo, basi, tunaamini kwamba mtunzi ni mwenye maneno, na mengine yote ni nguo alizoivalisha kazi yake. Maisha ya Kirby ya zaidi ya miaka arobaini katika kazi hii yanaivuruga imani hiyo. Tena yaliivuruga mpaka mahakamani.

Jina lake la kuzaliwa ni Jacob Kurtzberg. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia kutoka Austria, baba akifanya kazi katika kiwanda cha nguo, na familia ikikaa Lower East Side, eneo la maskini ambako watoto walipigana kimakundi, mtaa huu dhidi ya mtaa ule. Chuo cha sanaa cha Pratt Institute inasemekana alikaa wiki moja tu. Alijifunza kwa kuigiza katuni za magazetini. Moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa katika studio ya Fleischer, akichora zile picha za katikati zinazounganisha mwendo na mwendo katika filamu za Popeye. Akaacha. Alieleza baadaye kwamba pale palikuwa kiwanda kama kile cha baba yake, tofauti ni kwamba kilichotengenezwa pale kilikuwa picha. Neno hili kiwanda tulishike, maana litarudi.

Mwaka 1940 yeye na mwenzake Joe Simon walimleta Captain America. Toleo la kwanza lina tarehe ya Machi 1941, ila lilikuwa limeshaanza kuuzwa Desemba 1940, yaani mwaka mzima kabla Marekani haijaingia vitani, na kwenye jalada shujaa anamtandika Hitler ngumi ya taya. Vijana wawili wa Kiyahudi walitangaza vita kabla ya serikali yao! Kisha Kirby mwenyewe akachukuliwa jeshini, akapelekwa Ufaransa mwaka 1944 katika kikosi cha miguu. Ofisa mmoja alipogundua kwamba ni mchoraji alimpa kazi ya kutangulia mbele ya wenzake kuchora ramani za mahali adui alipo. Kuchora huko si mchezo. Majira ya baridi ya mwaka huo miguu yake iliganda kwa barafu nusura ikatwe. Baada ya vita, mwaka 1947, yeye na Simon wakaanzisha Young Romance, jarida la hadithi za mapenzi kwa njia ya katuni, aina ambayo kabla yao haikuwepo sokoni. Kwa hiyo anapofika miaka ya 1960, ambako wahakiki wengi huanzia, tunakutana na mtu mzima, baba wa watoto, aliyeona vita na aliyekwisha kuunda aina mbili tatu za hadithi.

Ukurasa kabla ya maneno

Hebu sasa tutazame jinsi hadithi hizo zilivyotengenezwa, maana hapo ndipo suala la mtunzi linapozaliwa. Katika kampuni nyingi mwandishi aliandika mswada kamili: fremu ya kwanza waonekane fulani na fulani, wanasema hivi, fremu ya pili hivi. Mchoraji alipokea akachora. Katika kampuni ya Marvel ilikuwa vingine. Stan Lee, aliyekuwa mhariri na wakati huohuo mwandishi wa karibu magazeti yote, hakuwa na muda wa kuandika miswada. Akabuni utaratibu, au niseme shida ilimbunia: yeye na mchoraji wanazungumza kisa, wakati mwingine kwa sentensi chache tu, kisha mchoraji anakwenda nyumbani kuchora hadithi nzima. Mchoraji ndiye anayeamua kisa kinaanzia wapi, nani anaingia mlangoni, ugomvi unachukua fremu ngapi, nani anageuza uso asionekane analia. Pembezoni mwa ukurasa anaandika kwa penseli kinachotokea. Ndipo kurasa zinarudi kwa Lee, naye anajaza viputo vya maneno. Mtu mwingine anakuja kupaka wino.

Jiulize mwenyewe. Msuko umepangwa na nani? Mandhari? Wahusika wameumbwa na nani? Kwa vigezo vyetu vyote vya darasani, mtu aliyefanya hayo tunamwita mtunzi. Lakini jina la kwanza katika orodha ya watayarishaji lilikuwa la Lee, na sifa yake iliandikwa kuwa ameandika. Kirby sifa yake ilikuwa kuchora. Mpaka kuelekea mwisho wa mwaka 1966 ndipo katika Fantastic Four wakaanza kuandikwa pamoja bila kugawanywa. Na si sifa peke yake. Lee alikuwa na mshahara wa uhariri na akalipwa pia ujira wa kuandika. Kirby alilipwa kwa ukurasa uliochorwa. Kwa kupanga kisa hakulipwa kitu.

Mfano unaojulikana sana, na uzuri wake ni kwamba Lee mwenyewe aliukiri mara nyingi, ni wa Silver Surfer. Wawili hao walizungumza kisa cha Galactus, jitu la angani linalokula sayari. Kurasa za toleo namba 48 zilipomfikia Lee, akaona humo kiumbe asiyemjua, mtu wa rangi ya fedha amesimama juu ya ubao wa kuteleza kwenye mawimbi, anakata anga. Akauliza, huyu nani? Kirby akajibu kwamba mtu mkubwa kama Galactus lazima awe na mjumbe wa kumtangulia. Yaani yule anayeitwa mwandishi alimkuta mhusika wake mkuu akiwa ameshafika, ameshaingia kwenye kisa, ameshafanya matendo yake. Kilichobaki ilikuwa kumpa sauti. Lee akampa sauti ya kinabii, ya huzuni, na sauti hiyo ilimkaa vizuri, sikatai. Lakini mwaka 1968 Surfer alipopewa jarida lake mwenyewe, kazi ya kuchora alipewa John Buscema, na asili aliyopewa mhusika ni ile ya Lee, mtu wa sayari nyingine mwenye mchumba aliyemwacha kwao. Kirby alikuwa akimfikiria kama kiumbe asiyewahi kuwa binadamu, anayejifunza ubinadamu kwa kututazama. Tofauti hiyo si ndogo. Mmoja ni mtu anayelilia alichopoteza. Mwingine ni mgeni anayetushangaa. Dhamira yote inabadilika, na aliyekuwa na dhamira ya kwanza hakuulizwa.

Mvua ya Ben Grimm

Nataka kukaa kidogo kwenye kazi moja, maana bila kusoma ukurasa wenyewe tutabaki kwenye umbeya wa nani alimdhulumu nani. Nachagua Fantastic Four namba 51, ya Juni 1966, ambayo kichwa chake tunaweza kukifasiri kuwa mtu huyu, zimwi hili. Mhusika ni Ben Grimm, aitwaye The Thing, aliyegeuka kuwa jitu la mawe ya rangi ya chungwa baada ya safari ya angani, naye hawezi kurudi alivyokuwa. Wenzake watatu wana nguvu wanazoweza kuzificha. Yeye hana pa kujificha. Ngozi yake ndiyo msiba wake.

Ukurasa wa kwanza ni fremu moja tu, inaujaza ukurasa wote. Ben amesimama barabarani, mvua inanyesha. Basi. Mabega yameshuka, uso umeinama kidogo, mistari ya mvua inampiga na hajali. Maneno yapo, lakini yafunike kwa kiganja uone kama umepoteza kitu. Hujapoteza. Msomaji asiyejua Kiingereza hata neno atajua kwamba huyu ni mtu aliyekosa pa kwenda, na kwamba amesimama hapo kwa muda mrefu, na kwamba mvua haimsumbui kwa sababu mawe hayaloi. Hiyo ya mwisho ndiyo inayouma, nayo haikuandikwa na mtu. Imechorwa.

Kisa chenyewe: mwanasayansi mmoja, ambaye hadithi haimpi jina mpaka mwisho, anamkaribisha Ben nyumbani, anamlewesha kwa dawa na kwa mtambo anamnyang'anya umbo lake. Ben anarudi kuwa binadamu wa kawaida. Mwizi, sasa akiwa na mwili wa mawe, anakwenda kwa Reed Richards, mwanasayansi mwenzake anayemwonea kijicho, kwa nia ya kumwangamiza. Nafasi inapatikana: Reed anaingia katika ulimwengu mwingine akiwa amefungwa kamba, na mwenye kuishika kamba ni huyu adui. Lakini ameshamwona Reed akihatarisha maisha kwa ajili ya watu wote, wala hatafuti sifa. Kamba inakatika. Mwizi anaruka ndani, anamsukuma Reed kwenye usalama, yeye anabaki kupotea. Saa hiyohiyo Ben yuko mlangoni kwa mpenzi wake Alicia, kipofu, akiwa na uso wake wa zamani, furaha tele. Na mwizi anapokufa umbo la mawe linamrudia Ben pale pale mlangoni. Anageuka na kuondoka.

Angalia sasa kinachofanywa na fani. Ulimwengu ule mwingine Kirby hakuuchora kwa penseli. Aliutengeneza kwa kukata picha za kamera na kuzibandika pamoja, halafu mtu aliyechorwa akaelea juu yake. Ghafla kila kitu kinachozunguka kina uzito wa kitu halisi, na binadamu peke yake ndiye wa kuchorwa, mwepesi, wa karatasi. Mtu aweza kusema ni ujanja wa mbinu tu. Mimi naona ndipo dhamira ilipo. Hadithi nzima inauliza kama mtu ni umbo lake. Mwizi amechukua umbo akakuta amechukua na wajibu. Ben amelipata umbo lake akakuta halina wa kulihifadhi. Na hapo katikati ukurasa wenyewe unakuonyesha mtu ambaye umbo lake si la ulimwengu alimo. Nani aliandika hilo? Halikuandikwa popote. Ukichukua viputo vyote vya hadithi hii ukavichapa kama tamthilia, utapata tamthilia ya kawaida yenye maneno mengi kupita kiasi.

Mwenzangu mmoja aliyesoma rasimu ya makala haya aliniambia kwamba katuni ni kama kanga: kuna pindo, kuna mji, rangi zimependeza, lakini mtu ananunua jina. Ukimpelekea jirani kanga ya kumsema, ujumbe uko kwenye yale maneno ya chini. Hoja nzuri, na naikataa. Kwenye kanga maneno yangeweza kuhamishiwa kwenye kanga nyingine yenye korosho badala ya maua na matusi yakafika vilevile. Mvua ya Ben Grimm huwezi kuihamisha.

Hata hivyo tusimfanye Stan Lee kuwa jambazi. Utani wa Ben, lile domo lake la mtaani linalomsaidia asilie, umenolewa na Lee, na ni kwa utani huo wasomaji walimpenda. Lee alijua pia kuzungumza na msomaji kama rafiki, jambo ambalo Kirby hakulijua kabisa. Na Kirby uzeeni, katika mahojiano marefu yaliyochapwa na The Comics Journal mwaka 1990, alidai kwamba kila kitu alikifanya yeye, hata maneno. Dai hilo linazidi ushahidi. Nalielewa kama hasira ya mtu aliyenyimwa nusu, akaona bora adai nzima. Mhakiki hawezi kulipokea kwa sababu tu anamhurumia anayelitoa.

Lakini upande wa pili ulikuwa umeshatia chumvi muda mrefu na kwa sauti kubwa zaidi. Mwezi Januari 1966 gazeti la New York Herald Tribune lilichapisha makala kuhusu Marvel. Lee anaonekana humo kama kipaji kinachowaka. Kirby anaelezwa kama mtu mwenye suti iliyomlegea, ambaye ukikaa naye kwenye treni ungemdhania kuwa msimamizi msaidizi wa kiwanda cha nguo za ndani za wanawake. Kiwanda tena! Mwandishi wa gazeti hakujua kwamba anamtukana kwa kazi ya baba yake.

Alipoandika mwenyewe

Mwaka 1970 Kirby aliondoka akahamia kampuni pinzani, DC, na huko akapewa alichokitaka: kuandika, kuchora na kuhariri kazi zake. Matokeo yake ni majarida ya 1971, New Gods, The Forever People na Mister Miracle, pamoja na Jimmy Olsen ambalo tayari lilikuwepo. Magazeti manne yanasimulia kisa kimoja kikubwa cha vita kati ya sayari mbili, New Genesis na Apokolips. Hapa ndipo nadharia yangu inapopimwa, maana sasa hakuna Lee wa kumlaumu wala wa kumsifu.

Tuseme ukweli, maneno ni magumu. Wahusika wake huongea kama wanahutubia mkutano wa hadhara. Alama za mshangao zimemwagwa kama chumvi, maneno yamekolezwa wino hovyo. Wapo wanaosema hapo ndipo ushahidi ulipo kwamba Lee ndiye alikuwa mtunzi. Kwangu hapo ndipo tunapoona ni kitu gani hasa Lee alikuwa akikiongeza, na ni kitu gani alichokuwa hakiongezi. Soma New Gods namba 7, ya mwaka 1972, hadithi ya mapatano. Izaya wa New Genesis na Darkseid wa Apokolips wamechoka na vita ambayo haiwezi kushindwa na yeyote. Wanapatana kwa kubadilishana watoto wao wa kiume, kila mmoja awe rehani ya amani. Mtoto wa Izaya anapelekwa Apokolips, kwenye nyumba ya yatima inayolea watoto kwa mateso. Mtoto wa Darkseid, Orion, analetwa New Genesis akiwa mkali kama mnyama aliyenaswa, na Izaya anamnyoshea mkono. Maneno ya ukurasa huo ni mazito kama magunia. Lakini msuko wake unalingana na visa vikubwa vya kale: amani ya wazee inalipwa kwa utoto wa watoto, aliyeitafuta amani ndiye aliyemtoa mwanawe, mwana wa mwovu ndiye atakuwa mlinzi wa wema, na siku zote atapigana na damu yake. Huu ni mgogoro wa kutosha riwaya kubwa. Umetoka kwenye kichwa kilekile kilichokuwa kikilipwa kwa ukurasa.

Kuna mzaha pia. Katika Mister Miracle namba 6 anaingia tapeli mmoja, Funky Flashman, mwenye nywele za bandia na maneno matamu, anayeishi kwa jasho la wengine. Kila aliyelijua soko la katuni alimtambua Lee. Ni kejeli kali, kali mno pengine, lakini sisi tunaosoma mashairi ya malumbano tunajua mambo haya: mtu akinyimwa baraza hujibu kwa utungo.

Na hata huko DC uhuru ulikuwa nusunusu. Alipomchora Superman ndani ya Jimmy Olsen, kampuni iliwapa wachoraji wengine, Al Plastino na Murphy Anderson, kazi ya kuzifuta sura za Superman na kuzichora upya zifanane na sura iliyozoeleka. Mwili wa Kirby, kichwa cha mtu mwingine. Mwaka 1972 New Gods na The Forever People zikasitishwa, kila moja ikiwa na matoleo 11. Kisa hakikuisha.

Black Panther nimemwacha mpaka hapa kwa makusudi, maana wengi wetu tunamshangilia bila kumsoma. Alitokea Julai 1966 katika Fantastic Four namba 52, miezi kabla ya kuanzishwa chama cha Black Panther huko Oakland. Kwa wakati wake lilikuwa jambo kubwa: nchi ya Kiafrika ambayo msitu wake ni wa mitambo, miti ya nyaya na chuma, na mfalme mwanasayansi anayewashinda wageni wanne wenye nguvu za ajabu. Kirby aliichora teknolojia ya Wakanda kwa mkono uleule na kwa heshima ileile aliyoipa ya angani. Lakini alipomrudia mhusika huyo mwaka 1977, akiwa amerudi Marvel na anaandika mwenyewe, alizipa mgongo hadithi za Don McGregor zilizokuwa zimeichimba Wakanda kama jamii yenye wananchi, wapinzani na maswali juu ya ufalme. Badala yake T'Challa anakimbizana na chura wa shaba wa Mfalme Sulemani ambaye ni mtambo wa kusafiria wakati. Picha zinaruka ukurasani, kweli, ila Afrika imerudi kuwa mahali pa kutafutia hazina. Kirby aliyemwelewa mtoto wa Lower East Side mpaka mfupani, Afrika aliijua kama mitambo ya kupendeza tu. Mapenzi yangu kwa kazi yake hayanifichi hilo.

Kurasa ni za nani

Aliiacha Marvel tena mwaka 1978, akaenda kwenye filamu za katuni za televisheni. Huko, jambo la ajabu, alipata mshahara wa kueleweka na heshima ambayo majarida hayakumpa. Mwaka 1981 alichapisha Captain Victory kwa Pacific Comics, na safari hii hakimiliki ikabaki yake.

Halafu ukaja mgogoro wa kurasa. Mwaka 1984 Marvel ilianza kuwarudishia wachoraji kurasa zao za asili, zile walizochora kwa mkono. Wengine walipewa karatasi fupi ya kusaini. Kirby akapewa hati ya kurasa nne, iliyomtaka akiri kwamba hana haki yoyote na iliyomzuia hata kuzionyesha kurasa hizo bila ruhusa. Na kwa kusaini angepata kurasa 88. Mtu aliyekuwa amewachorea maelfu. Wachoraji na waandishi wenzake walimpigania hadharani, na mwaka 1987 akarudishiwa kurasa karibu 2,000. Nyingine hazikuonekana tena.

Alipofariki suala likabaki kwa watoto wake. Mwaka 2009, mwaka ambao Disney ilitangaza kuinunua Marvel kwa dola bilioni 4, walitoa notisi za kudai hakimiliki za kazi za 1958 hadi 1963. Marvel ikaenda mahakamani. Kipimo cha sheria kilikuwa hiki: kazi ilifanywa kwa agizo na gharama za nani? Familia ilisema baba yao alifanya kazi nyumbani kwake, kwa vifaa vyake, bila mshahara wala dhamana. Stan Lee alitoa ushahidi kwamba mawazo yalitoka kwake, wachoraji wakayatekeleza. Kirby hakuwepo kujibu. Mwaka 2011 mahakama iliamua kwa upande wa Marvel, na mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo. Familia ikalipeleka shauri Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 26 Septemba 2014, siku chache kabla majaji hawajakaa kuamua kama walisikilize, pande mbili zikapatana. Masharti hayakutangazwa. Ila tangu hapo majina ya Lee na Kirby huandikwa pamoja, kama waumbaji, katika majarida ya wahusika waliowaumba wote wawili.

Tazama jinsi ushahidi ule wa mahakamani ulivyofanana na madaftari yetu: wazo huku, utekelezaji kule, maudhui huku, fani kule, na mwenye fani ni fundi wa kulipwa. Muulize mzee yeyote wa Dar es Salaam juu ya Chakubanga, atacheka kabla hujamaliza swali. Muulize nani alimchora, uone ni wangapi watakaokutajia jina la Christian Gregory. Ugonjwa huu sisi hatukuuagiza Marekani.

Kwa wanaotaka kuanza kumsoma, nawashauri wasianze na majitu ya angani. Waitafute Street Code, hadithi fupi aliyoichora mwaka 1983 juu ya utoto wake na mapigano ya watoto wa Lower East Side, iliyochapwa mwaka 1990 katika jarida la Argosy. Ilichapwa moja kwa moja kutoka kwenye penseli, bila kupakwa wino na mtu mwingine, na maneno ni yake mwenyewe, machache. Ngumi ni zilezile za Captain America, ila hapa anayepigwa anaumia.